Waya wa Pili

1

Siku Tusekile Mwandemele alipoitwa Dodoma kwenda kuusikiliza muziki wake mwenyewe, alivaa kitenge cha sikukuu na kujipaka mafuta mikononi mpaka viwikoni, maana alijua watataka kumpiga picha. Mikono yake ndiyo iliyokuwa sura yake mbele ya watu. Kila aliyewahi kumwandika gazetini alianza na viganja vile, vigumu kama kwato, vyenye mifereji iliyochimbwa na waya na ikakataa kuziba hata uzeeni.

Kwenye lango la Hifadhi ya Sauti hakukuwa na mlinzi wala kengele. Alitaja jina lake kwa sauti ya kawaida na lango likamfungukia. Milango yote ilikuwa hivyo siku hizo. Sauti ya kila mwananchi ilikuwa imesajiliwa, na mtu aliyeshikwa na mafua makali alilazimika kukaa kibarazani mpaka atokee wa kumsemea.

Ndani alipokewa na binti mrefu, mchambuzi wa sauti, aliyejitambulisha kwa jina la Bhoke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wapiga picha wako wapi?"

Bhoke hakucheka. Alimwongoza hadi chumba kidogo kilichotandikwa sufi ukutani, akamkalisha, akamwekea chai mbele yake. Kisha akakaa na kujishika vidole kama mtu aliyekuja kuleta habari ya msiba.

"Mama, kanda zako watu wanazozijua ni zile mlizozitoa wenyewe, wewe na Mzee Nsajigwa. Hizi ninazotaka usikie zimetoka kwingine. Zimetoka kwenye maghala ya Shirika la Ukungu."

Tusekile aliirudisha chai mezani bila kuionja. Kwa watu wa umri wake, jina hilo lilikuwa bado na makali. Shirika la Ukungu ndilo lililotanda nyavu zake juu ya safu yote ya Uporoto, likaukamua ukungu wa milimani na kuupeleka mijini kwa mabomba, likamkataza mwenyeji kutega hata ndoo chini ya ukingo wa bati lake. Ndilo lililosimika zile nguzo watu walizoziita masikio, kila njia panda na kila kisima, zikinyonya mazungumzo mchana kutwa. Aliyesema neno "wavu" mara mbili kwa siku moja alikuja kuulizwa.

"Shirika lilitaka nini kwenye muziki wetu?" aliuliza. "Walisema sisi ni wendawazimu."

Ni kweli walisema hivyo, na si wao peke yao. Yeye na Nsajigwa walikuwa wametandaza nyaya za uzio toka ukuta mmoja wa mnara wa nafaka wa Itamba hadi wa pili, mnara uliobaki mtupu tangu mvua zilipouzwa. Yeye alizisugua nyaya kwa viganja vilivyopakwa utomvu wa msonobari. Nsajigwa alikanyaga kinanda cha miguu kilichotupwa na kanisa. Walipiga noti moja. Alasiri nzima noti moja, ikinona na kukonda, ikizaa ndani yake noti nyingine ambazo hakuna mkono uliozigusa. Wapita njia walisema ni mashine ya kusaga iliyokosa mahindi. Lakini watu wa Itamba waliingia mnarani wakajaa, wakaketi sakafuni bega kwa bega, kwa sababu waligundua jambo ambalo Shirika halikulijua: chini ya mvumo ule, sikio la nguzo halikusikia kitu. Pale ndipo mtu aliweza kumwinamia mwenzake na kunong'ona. Tusekile aliwaona wakinong'ona, na kila alivyowaona ndivyo alivyozidi kukaza viganja. Alijua anawafunika.

"Kila onyesho mlilofanya Itamba lilirekodiwa mara mbili kwa wakati mmoja," Bhoke alisema. "Rekodi moja ni ya ukumbini, ile inayojulikana. Ya pili ni hii."

Alimvalisha hedifoni.

Kulisikika kidole kikigonga mbao, tok, tok, halafu sauti ya mwanamume, karibu kabisa na sikio. "Waya wa pili. Moja, mbili. Waya wa pili uko hai." Kisha mvumo ukaanza.

Tusekile alifumba macho. Hakuwahi kuzisikia nyaya zake namna ile. Hapakuwa na kikohozi, hapakuwa na mvua juu ya bati wala mtoto aliyelia. Ulikuwa mvumo mtupu, safi kama maji ya chujio, kana kwamba mtu aliweka sikio ndani ya uti wa mbao iliyozishika nyaya. Kwa muda alisahau alipo. Machozi yalimtoka kwa uzuri wake.

"Nani alirekodi hivi?" aliuliza. "Nirudishie mwanzo."

Bhoke alirudisha. Tok, tok. Waya wa pili uko hai.

Mara hii hakusikiliza mvumo. Alikuwa amekula sahani moja na sauti ile kwa zaidi ya nusu ya maisha yake.

"Huyo ni Nsajigwa," alisema. "Ndiye alikuwa fundi wetu. Labda alitaka tu kupata sauti nzuri. Kuna ubaya gani?"

"Mama, ukiwa na mvumo safi peke yake, unaweza kuuondoa kwenye ule uliochanganyika. Unaligeuza wimbi lake likae kichwa chini miguu juu, unalilaza juu ya mwenzake, yanauana. Inakuwa kama hesabu ya kutoa. Bila waya wa pili, hata mashine zetu za leo haziwezi. Ukiwa nao, hata mashine za wakati ule ziliweza, pole pole."

"Ukishatoa muziki kinabaki nini?"

Bhoke aliangalia chini. "Wanabaki watu, mama."

2

Ipyana, mume wa Tusekile, alichukuliwa asubuhi moja baada ya onyesho, yeye na wenzake kadhaa, wote kwa mpigo, kama mtu anayechuma matunda aliyokwisha kuyachagua. Alirudishwa amefungwa kwenye turubai. Miaka yote iliyofuata Itamba ilimtafuta msaliti katikati ya wale waliokaa sakafuni, na ikaona imempata: Anyisile, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alikamatwa na wengine akaachiwa mapema mno. Hakuna aliyemshtaki, kwani hapakuwa na wa kumshtakia. Walimnyima salamu tu. Siku ya mazishi ya Ipyana alinyoosha mkono ashike jeneza, na Tusekile mwenyewe akasimama katikati yake na jeneza.

Na aliyelibeba jeneza mbele kabisa alikuwa Nsajigwa. Ndiye aliyemtengenezea Tusekile paa, ndiye aliyemtoa kitandani alipokuwa hataki kuamka, akamrudisha kwenye nyaya. "Ipyana hatakufa tukiendelea kupiga," alimwambia. Zile kanda zikasafiri dunia nzima, na wao nyuma yake.

Haya yote yalipita kichwani mwake pale kwenye chumba cha sufi, na bado moyo uligoma. Akasema anataka kusikia.

"Kidogo tu," Bhoke alisema. "Kwa kuwa nyaya zilikuwa zako, kisheria sina ruhusa ya kufungua mpaka wewe uamue. Lakini una haki ya kujua unaamua nini."

Alibonyeza. Mvumo ulinyauka, ukafifia kama ukungu unaoliwa na jua, na nyuma yake mnara ukafunguka. Watu wakakohoa. Kitambaa kikasuguana na kitambaa. Kisha, upande wa kushoto, akamsikia Ipyana.

"Sogea kidogo, bwana. Miguu imekufa ganzi."

Basi. Mtu fulani akacheka kwa pua, miguu ikaburuzwa. Tusekile alishika meza kwa mikono miwili. Alikuwa tayari kwa neno kubwa, la kishujaa. Hakuwa tayari kwa miguu ya mumewe.

Kabla hajapumua, mwanamke mwingine alianza kunong'ona, karibu zaidi. Alimweleza jirani yake mahali mwanawe alipojificha, na ni nani aliyekata kamba za wavu mkubwa, ule ulioanguka juu ya kibanda na kuwafunika walinzi wawili wasitoke tena. Alitaja jina, kisha akaanza kulia kimya kimya. Kwenye kioo mbele ya Bhoke kisanduku kikawaka. Mashine ilikuwa imeitambua sauti. Jina kamili lilijitokeza, na picha ya bibi kizee mwenye kilemba, na mtaa anaoishi.

Bhoke alikifunika kioo kwa kiganja, lakini Tusekile alikwishaona. Alivua hedifoni.

"Kesi ya wale walinzi iliisha?"

"Haikufungwa. Watoto wao wameifufua mwaka juzi."

"Na huyu bibi anajua kwamba mnaye humu?"

"Hajui. Hakuna anayejua." Bhoke alimsogelea. "Lakini mama, humu mna ukweli. Watu wameishi na fitina miaka yote hii. Wana haki ya kujua nani aliwauza."

"Siwezi kukupa Nsajigwa peke yake? Ile sauti yake ya mwanzo?"

"Sauti yake na mvumo ni waya mmoja, na sheria haikati kanda vipande. Ama unafunguliwa wote, na kila mtu anasikika, ama unaufuta wote, na rekodi za ukumbini zinabaki kama zilivyo, zimefunikwa milele. Usipoamua mpaka siku ya sherehe ya onyesho lenu la mwisho pale Itamba, zinafunguliwa zenyewe."

Tusekile alisimama. Mafuta ya mikononi yalikuwa yameacha alama mezani.

"Nipe nafasi nikamwone kwanza," alisema.

3

Nsajigwa Kalinga alikuwa karakanani kwake Mbeya, nyuma ya nyumba, akishona upya mifuko ya hewa ya kinanda. Alikuwa mzee mwembamba, msafi, aliyevaa koti hata kwenye kazi ya gundi. Alipomwona Tusekile mlangoni uso ulimchangamka.

"Tuse! Umerudi lini? Mbona hukusema nije nikupokee stesheni?"

"Nimerudi sasa hivi."

"Kaa basi. Walisemaje wale? Nasikia sherehe itakuwa kubwa, waziri mwenyewe anakuja." Akafuta kigoda kwa kanga kuukuu. "Nitakuchemshia maji."

"Nsajigwa," Tusekile alisema, "hebu sema: waya wa pili uko hai."

Sindano ilisimama katikati ya ngozi. Nje, kuku walikuwa wakiparua chini ya madirisha. Kisha aliichomeka sindano mahali pake, kwa uangalifu, asije akaipoteza.

"Walizitunza," alisema hatimaye. "Nilidhani walizichoma."

Tusekile alikuwa amekuja na maneno mengi. Njiani aliyapanga, akayanoa. Alipoona mwenzake hata hakani, yalimtoroka yote. Alikalia kile kigoda.

"Walikushika? Walikutisha? Niambie walikutesa, Nsajigwa. Nitakuelewa."

"Ningeweza kukudanganya hivyo."

"Basi walikupa nini?"

"Mashine," alisema. "Walinipa mashine za kurekodia. Unakumbuka tulivyoanza? Tunapiga alasiri nzima, kitu ambacho hakijawahi kusikika chini ya jua, halafu tunazima taa, tunakwenda kulala, kimekufa. Kila siku tulizaa na kuzika. Nchi nzima hapakuwa na chombo cha kukamata sauti ila chao. Wakaniambia, tunakupa vyombo, nakala moja yako, nakala moja yetu. Leo watu wanakujua mpaka ng'ambo ya bahari. Ungejulikana na nani?"

"Na watu waliokuwa wamekaa pale chini?"

"Nilijiambia mvumo ni mzito. Nilijiambia hakuna atakayeweza kuwatoa mle."

"Basi waya wa pili ulikuwa wa nini?"

Nsajigwa alitazama vidole vyake vyenye gundi, akaanza kuibandua gamba kwa gamba.

"Ulimbeba Ipyana begani," Tusekile alisema, taratibu, kama anayemkumbusha mtu mwenye homa. "Ulimfundisha binti yangu kuendesha baiskeli. Ulikuja kwangu kila Jumapili ukala. Na mimi nikamzuia Mwalimu Anyisile asiguse jeneza, nawe umesimama pale pale, umeshika upande wa mbele."

"Nilikula kila Jumapili, na kila Jumapili nilitaka kusema."

"Hukusema."

"Laiti mtu angeniuliza, ningepumzika." Aliinua macho. Yalikuwa makavu. "Utazifungua?"

"Sijui."

"Ukizifungua utafanya kile kile nilichofanya mimi, Tuse. Wale wale, mara ya pili. Mimi sijali nifanywe nini, nimeshazeeka. Lakini wamo wake wa watu, wamo vijana ambao leo ni mababu. Futa. Na siku ya sherehe mimi nitasimama mbele yao niseme kwa mdomo wangu. Nitamsafisha Mwalimu. Niachie hilo tu, nilifanye mwenyewe."

Alichukia kusikia maneno ya maana yakitoka kwenye kinywa kile. Yalikuwa maneno aliyokwisha kujiambia yeye mwenyewe kwenye treni. Alinyanyuka bila kuaga, lakini pale mlangoni aligeuka.

"Utasema?"

"Nakuapia kwa kaburi la Ipyana."

4

Tusekile alimpigia Bhoke simu, akamwambia azifute.

"Mama, umemwamini tena?"

"Sijamwamini. Nimemwamini yule bibi mwenye kilemba. Alilia chini ya muziki wangu kwa sababu alijua hasikiki. Ile ilikuwa ahadi, hata kama hakuna aliyeitamka."

"Na wewe unaibeba peke yako? Umemuuliza yeye? Umewauliza wao?"

"Nitawaulizaje bila kuwafichua?"

Bhoke alikasirika. "Nitafuta, maana sheria inanilazimisha. Lakini nikishafuta usiniite shahidi. Kiapo changu hakiniruhusu kuzungumzia kitu kisichokuwepo."

Ilibidi Tusekile atamke idhini kwa sauti, mashine imtambue. Aliitamka. Kisha akasikia kwenye simu pumzi ya Bhoke, kitufe kikibonyezwa, na hakuna kingine. Ipyana na miguu yake iliyokufa ganzi alirudi chini ya mvumo. Tusekile alikaa na simu mkononi mpaka ikajizima.

5

Siku ya sherehe Nsajigwa alikuja kumchukua asubuhi. Gari lilikuwa la Tusekile, lakini kwa kuwa macho yake yalikuwa yameingiwa na wingu, kwa muda mrefu mwendeshaji alikuwa Nsajigwa. Walipanda mlima bila kusemeshana. Alikuwa amevaa suti nyeusi na kunyoa vizuri, na Tusekile alijiambia kwamba hivyo ndivyo anavyovaa mtu anayekwenda kutubu.

Mnara wa Itamba ulikuwa umepakwa chokaa. Viti vya plastiki vilipangwa sakafuni, na maikrofoni zikaning'inizwa kila upande, kwa kuwa serikali ilitaka kulirekodi onyesho hilo la mwisho na kuliweka karibu na yale ya zamani. Wale wa zamani walikuja. Walikuja na fimbo, na wajukuu wa kuwashika mkono, wakaingia na kutafuta mahali walipokaa enzi zile. Mwalimu Anyisile alikuja peke yake, akaketi mwisho kabisa, na viti vya kulia na kushoto kwake vikabaki vitupu.

Tusekile alipaka utomvu viganjani. Nsajigwa alikanyaga kinanda, na hewa ikaanza kupanda.

Jambo lililomuumiza kuliko yote, alivyokuja kumweleza Bhoke baadaye, ni kwamba walipiga vizuri. Mikono haikujua kitu. Nyaya zilipoamka, kinanda kilikuja kuzipokea chini kwa chini, kama kilivyozipokea siku zote, na noti moja ikasimama katikati ya mnara kama nguzo. Ndani yake nyingine zikazaliwa, juu, nyembamba, zikicheza ukutani. Wazee walifumba macho. Hakuna aliyenong'ona safari hii. Tusekile alimtazama Nsajigwa kupitia nyaya, naye akamtazama, na kwa muda wote ule hapakuwa na uongo kati yao. Kisha mvumo ukafifia, ukaisha, na hata waziri hakuthubutu kupiga makofi.

Nsajigwa alisimama akashika maikrofoni.

Aliwashukuru waliokuja. Aliwakumbuka waliotangulia, na jina la Ipyana akalitaja la kwanza, kwa sauti iliyotetemeka vizuri. Alieleza jinsi sanaa ilivyowafunika wanyonge wakati wa dhuluma. "Tulikuwa blanketi lenu," alisema, na baadhi ya akina mama wakaitikia kwa kichwa. Alimshukuru waziri. Kisha akaweka maikrofoni kwenye mhimili wake, akarudi kukaa, akikwepa upande aliokuwepo Tusekile.

Tusekile alisubiri. Alidhani mwenzake anakusanya nguvu. Waziri alipoanza kujiweka sawa ili ahutubie, ndipo alipoelewa kwamba hakuna kilichobaki kusemwa, na kwamba Nsajigwa alijua hivyo tangu siku ile karakanani.

Alijikuta amesimama. Aliongea bila maikrofoni. Mnara ulikuwa wake, alijua namna ya kuujaza.

"Aliyetuuza hakuwa amekaa sakafuni," alisema. "Alikuwa hapa juu, pamoja na mimi. Kulikuwa na waya wa pili ndani ya nyaya zangu, na kwa waya huo Shirika liliuondoa mvumo na kuwasikia. Aliyeuweka ni Nsajigwa. Mwalimu Anyisile hakumuuza mtu. Tulimnyima salamu bure, na mimi nilikuwa wa mbele."

Manung'uniko yalipita kama upepo kwenye mabua. Nsajigwa alinyanyuka polepole, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Ndugu zangu, mumsamehe dada yangu," alisema. "Tangu arudi Dodoma hayuko sawa. Kusikiliza kanda za enzi za marehemu mumewe kumemtikisa. Umri nao, mnajua. Tutampeleka akapumzike."

Aliyasema kwa upole ule ule aliomtoa nao kitandani zamani. Tusekile alihisi kitu ndani yake kikikatika bila kelele. Aliziona nyuso za watu, aliona wengine wakimhurumia. Bhoke, aliyekuwa amekaa pembeni na maofisa wa Hifadhi, alikuwa amebana midomo na kuinamisha kichwa.

Mwalimu Anyisile alinyanyuka kule nyuma. Alichukua muda kusimama.

"Una ushahidi, mama?"

"Ulikuwepo. Nimeufuta."

"Kwa nini uufute?"

"Kwa sababu sauti yako ilikuwa ndani yake. Yako na ya kila aliyekaa hapa, na yale mliyoyasema."

Mwalimu alitafuna maneno hayo. "Mimi ningependa yangu isikike," alisema. "Ungekuja kuniuliza. Nilikuwa nyumbani. Sina pa kwenda."

Tusekile alisimama pale na viganja vyake vyenye utomvu vikiwa vimeshikana.

Mzee hakumngoja. Alimgeukia Nsajigwa, akamwongelesha bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.

"Basi nisaidie wewe. Siku ile nilimnong'onezea marehemu habari za nyumbani kwangu, mambo ya aibu, ya mimi na mke wangu. Miaka yote tunakutana sokoni, wewe peke yako unaniamkia. Uliyasikia yale? Ulikaa ukayasikiliza, ukanicheka?"

Nsajigwa alijinyoosha. Wekundu ulimpanda machoni. Kitu kimoja ambacho hakuwahi kukikubali ni kuonekana mtu wa umbea, yeye aliyesikiliza mvumo tu maisha yake yote.

"Mwalimu, usinivunjie heshima," alisema. "Mimi si mtu wa kudukua siri za watu. Sikuwahi kukaa kusikiliza hata neno moja. Nilikuwa nawapelekea kanda kama zilivyo."

Nsajigwa alibaki amefungua mdomo kidogo, na Tusekile, aliyekuwa karibu naye, aliona maneno yakimrudia, moja baada ya jingine, kama mtu aliyetupa jiwe kisimani na sasa anasikia lilipofika. Alitafuta kiti kwa mkono nyuma yake, akakaa.

Hawakumpigia kelele. Bibi mmoja alimshika mjukuu wake mkono wakatoka. Akafuata mwingine. Waziri alinong'onezwa jambo na wasaidizi wake, akaondoka kwa mlango wa pembeni. Wazee wa Itamba walipita mbele ya Nsajigwa mmoja mmoja, na kila mmoja alikitazama kinanda badala ya mtu. Bhoke alikwenda ukutani akaanza kuzima maikrofoni, akafika ya mwisho, akasita, akaiacha ikiwaka.

Walipobaki wawili tu jukwaani, Nsajigwa alimwita.

"Tuse."

Tusekile alikuwa akirudisha utomvu kibwetani.

"Tuse, tunarudije nyumbani?"

Alikuwa ameuliza kama mtoto. Tusekile alifunga kibweta cha utomvu, akajifuta viganja kwenye kitenge bila kujali doa.

"Funguo unazo wewe," alisema.

Alitoka. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashina ya misonobari, na hapakuwa tena na wavu wa kuukamata. Watu walikuwa wakiteremka kwa makundi. Mwalimu Anyisile alikuwa peke yake, ukingoni mwa njia, akipapasa mawe kwa fimbo. Tusekile alishika njia nyuma yake, akaacha nafasi kati yao, maana hakuwa na haki ya kuiziba. Mwalimu alisikia nyayo zake, kwani aliinua kichwa kidogo. Hakugeuka. Lakini hakuongeza mwendo.